Kitanda Kimoja cha Wasichana wa Ruangwa

Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mapema ili msomaji asije akanihurumia mahali pasipostahili. Hapa Nachingwea watu wananiita Mwalimu Rosalia, wananipisha njia sokoni, na wazee wenye vipara ambao niliwafinya masikio darasani wanainuka kunipa kiti. Lakini mwezi uliopita binti mmoja alishuka kwenye bodaboda mbele ya mlango wangu, akapiga goti akasema, "Shikamoo bibi. Mimi mjukuu wake Bi Zuhura wa Mandawa. Bibi miguu imemvimba, haendi popote. Kasema uende, maana amechoka kukusubiri." Nikamjibu marahaba, nikasema nitakuja, nikamfungia mkate wa kumimina ampelekee bibi yake. Alipoondoka niliingia jikoni nikakaa kwenye kigoda mpaka wali ukaungua, harufu ikafika kwa jirani, akaja kuuliza kama nipo salama. Sikuwa salama. Jina la Zuhura linanifanya hivyo, miaka yote hii.

Habari za ukoo wangu sizisemi, hazihusiki. Ninachotaka kusema ni cha mwaka mmoja tu, nilipokuwa darasa la nne Ruangwa, miaka michache baada ya Wazungu wa karanga, wale wa mashamba makubwa ya Nachingwea, kushindwa na karanga zao. Shule yetu ilikuwa chumba kimoja cha udongo kilichoezekwa nyasi, chenye madirisha mawili yasiyo na mbao. Wavulana walikaa kwenye magogo yaliyochongwa juu. Wasichana tulikaa kwenye mkeka ukutani, na kusema "wasichana" ni kukuza mambo, maana tulikuwa wawili tu: mimi mtoto wa Kikristo, Rosalia binti Mikaeli, na mwenzangu Chiku binti Hassani, mtoto wa wakulima Waislamu wa ng'ambo ya kijito. Mkeka mmoja, kibao kimoja kimoja cha kuandikia, na mwalimu mmoja, Mwalimu Selemani, aliyevaa kanzu Ijumaa na kaptula siku nyingine. Alikuwa akiuliza hesabu za kichwa huku anatembea, mikono nyuma. "Mtu ana mafungu saba ya mihogo, kila fungu..." Hajamaliza, Chiku keshajibu! Wala hakujitutumua. Alijibu huku anafumua ukili uliochomoza kwenye mkeka, kama mtu anayeulizwa jina la kaka yake. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole vya miguu, nimevificha chini ya gauni, na nilipofika kwenye jibu darasa zima lilikuwa limeshahamia swali jingine.

Basi nikamchukia? Hapana, hilo ndilo baya lake. Nilimpenda. Tulikwenda pamoja, tulirudi pamoja, na siku nyingi nilikula kwao. Nyumba yao nakiona kila kitu chake mpaka leo: chumba cha mbele chenye vihenge viwili vya mtama, kinu kimelazwa pembeni, ufuta umetandazwa kwenye ungo, na harufu ya moshi iliyoshika mpaka kwenye nguo. Mama yake alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha. Alipika ugali wa mtama na kisamvu kilichoungwa kwa karanga, akatuwekea sahani moja, halafu akakaa mbele yetu na kile kipande cha gazeti ambacho Muhindi wa dukani alikuwa amemfungia sukari. "Haya Chiku, nisomee wamesema nini." Na Chiku, tonge mkononi, anamsomea. Mama anacheka, anapiga paja. "Sikieni mtoto huyu! Mtoto huyu nitampeleka mpaka ambako njia inaishia!" Hakuna mtu aliyewahi kuniambia mimi "nisomee". Nilikuwa nakula kisamvu chao na kuwaonea wivu kwa kisamvu hicho hicho, nikiomba kimoyomoyo kwamba siku moja gazeti liwe na neno ambalo Chiku hatalijua. Siku moja, Chiku ametoka kwenda kunywa maji mtungini, nililamba kidole nikafuta hesabu zake zote kwenye kibao. Mate yangu yalikuwa bado hayajakauka aliporudi. Alitazama kibao, akanitazama, akacheka. "Mbuzi amepita hapa," akasema, akaziandika tena zote, na zote zikawa sawa. Afadhali angenipiga.

Likizo ya kiangazi ilipofika, Chiku alichukuliwa unyagoni. Hapo nako nikaachwa. Sisi wa kanisani mwaka ule padri alikuwa amekataza kabisa, kwa hiyo nilikaa nyumbani nasikiliza ngoma za wenzangu kutoka mbali, nachambua mchele. Alipotolewa alikuja amepakwa mafuta mwili mzima, khanga mpya mbili, shanga shingoni, anatembea taratibu macho chini, wanawake wanampigia vigelegele. Na alikuwa na jina jipya: Zuhura. Asiyekuwa mtu wa kwetu lazima nimweleze hapa. Kwetu sisi mtoto akishachezwa, jina la utoto linabaki huko huko porini. Kumwita kwa jina lile ni kumtukana yeye, na kungwi wake, na mama aliyemzaa. Na mwenyewe akiliitikia, anakuwa amejirudisha utotoni mbele ya watu, ni kama hakuchezwa, na aibu yake haina dawa. Kwa hiyo haitikii. Anasimama kimya. Anayepaswa kusema ni mwenzake aliye karibu: "Huyu sasa anaitwa fulani." Basi, mambo yanakwisha. Wiki ile ile alipotoka, kijana mmoja pale kisimani akapayuka, "Wee Chiku, nipishe!" Zuhura akasimama na mtungi wake kama hakusikia kitu. Mimi ndiye niliyeruka. "Chiku hayupo hapa! Huyu ni Zuhura, shika adabu yako!" Baba wa kijana alipeleka kuku kwao Zuhura kuomba radhi, na mimi nikaalikwa kumla. Nilijiona mtu mkubwa siku hiyo. Majina mapya nimeyakosa, khanga mpya sina, lakini kazi ya kumsemea Zuhura ilikuwa yangu.

Mwalimu Selemani naye, mtu wa kwetu, alibadili mara moja. Shule ilipofunguliwa hakuna aliyesikia akisema Chiku tena. Katika daftari lake la mahudhurio alikata, akaandika Zuhura juu. Lakini majina ya watahiniwa wa darasa la nne alikuwa ameshayapeleka Nachingwea mwanzoni mwa mwaka, kabla ya unyago, na mtihani wenyewe tuliuandika kwa namba. Hakukumbuka kuandika barua. Wala baba Hassani hakukumbuka, wala mimi. Kwetu mtu akishakuwa Zuhura ni Zuhura, huwazi kwamba kuna karatasi mahali fulani bado inamwona mtoto.

Matokeo yalipokuja, nayo kwa namba, tuliambiwa wasichana wote wawili tumefaulu, na kwamba twende Nachingwea tukaonwe. Shule ya kati ya wasichana ilikuwa inafunguliwa huko, ya kulala, na Ruangwa yote ilikuwa imepewa nafasi moja. Nafasi moja! Sisi wawili tuliitwa ili wa kwanza akikutwa na ugonjwa achukuliwe wa pili. Na wa kwanza nani asiyemjua? Tulipanda lori la ufuta, tumekaa juu ya magunia, Mwalimu Selemani na wavulana wanne, nao wameitwa kwa shule yao, nyuma yetu. Zuhura aliimba njia nzima. Mimi nilikuwa namwangalia kifua, namsikilizia kama atakohoa.

Nachingwea ile ilinishangaza. Wazungu wa karanga walikuwa wamejenga mji mzima, barabara zimenyooka, nyumba za bati zimepangwa, halafu wakaondoka, na nyasi zikawa zinaingia barazani. Majengo mawili ya vibarua wao ndiyo yaliyofanywa shule. Tulipelekwa jikoni kwanza, tukapewa maharage na kipande cha mkate wa ngano, mkate wangu wa kwanza. Mpishi alikuwa mzee wa Kimakonde mwenye chale usoni, na kwenye benchi lake alikaa karani kijana wa kutoka Tanga, nywele zimechanwa upande, anakunywa chai. Yule karani alikuwa mkalimani wa Bibi Elimu, ndivyo walivyomwita yule Mzungu mwanamke aliyesimamia shule za wasichana. Nikawasikia wakizungumza.

"Bibi anasema mataifa makubwa yamekaa ng'ambo huko yakaandika," karani akasema. "Kila mtoto duniani asome. Mweusi, mweupe, wa kike, wa kiume. Kila mtoto, ni haki yake."

"Hata wa huku kwetu?" akauliza mpishi.

"Kila mtoto, mzee. Ndivyo ilivyoandikwa."

Mpishi akakoroga maharage yake. "Na vitanda umeviona vingapi humo ndani?"

"Kumi na viwili."

"Ehe. Basi walioandika hawakuja kuhesabu vitanda."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nimefundisha maisha yangu yote, nimekaa kwenye semina za elimu kwa wote hadi kiuno kikaniuma, wageni wamekuja na picha zao na maneno yao mazuri, na kila mara nimekuwa nikiwaza habari ya yule mpishi. Lakini siku ile nilichukua kitu kimoja tu katika maneno yao. Nilijiambia, kama kila mtoto ana haki, basi na mimi ninayo. Na kama kitanda ni kimoja, basi kuna mtu lazima akikose, na kwa nini niwe mimi siku zote?

Baada ya kula tulizunguka, tukachungulia bwenini. Vitanda vya chuma, magodoro ya mistari, kila kitanda na kisanduku cha mbao miguuni. Zuhura aliingia moja kwa moja, nami nikamfuata nyuma. Akakaa kwenye cha dirishani, akajirusha mara mbili, spring zikalia. "Rosa," akasema, "hiki changu! Likizo nitakuja kukusimulia kila kitu, neno kwa neno, mpaka uchoke." Hakusema kwa ubaya. Mungu ni shahidi, hakusema kwa ubaya. Alitaka kunigawia kama mama yake alivyokuwa akinigawia kisamvu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaamua kabla sijajua naamua nini.

Mwalimu Selemani aliitwa pamoja na wavulana wake kwenye jengo la pili. Sisi wasichana tuliingizwa chumba kirefu chenye harufu ya rangi mbichi, tukakalishwa kwenye mabenchi. Walikuwapo wa Masasi, wa Newala, wa Lindi, sote tumejikunyata. Bibi Elimu alikaa mezani, mwanamke mwembamba mwenye miwani na kofia, wala hakuwa na uso mbaya. Karani alisimama pembeni yake na karatasi. Akaita mmoja, akasimama, akaulizwa maneno mawili matatu, akapitishwa kwa mganga. Mwingine. Mwingine. Kisha akasema, "Ruangwa. Chiku binti Hassani."

Nilihisi Zuhura akikauka pembeni yangu. Goti lake lilikuwa linagusa langu. Karani akainua macho, akaita tena, kwa sauti zaidi, "Chiku binti Hassani!" Kijana wa Tanga, angejuaje? Zuhura alitazama sakafu kama walivyomfundisha. Halafu akanisukuma kwa goti, mara moja, taratibu. Alikuwa ananipa zamu yangu. Ilikuwa maneno machache tu: huyu hapa, sasa anaitwa Zuhura. Nilikuwa nimeshayasema kisimani kwa sauti ya kusikika kijiji kizima, tena bila kuombwa. Nikawa natazama kofia ya Bibi Elimu. Ilikuwa na utepe wa kijani. Niliuangalia ule utepe kana kwamba umeandikwa kitu. Zuhura akanisukuma tena, safari hii kwa nguvu, na nikasogeza goti langu pembeni.

"Chiku binti Hassani, mara ya tatu na ya mwisho." Bibi Elimu akauliza kitu kwa lugha yake, karani akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili, "Hakufika." Kalamu ikapita juu ya karatasi. Sikuisikia, kwa umbali ule nisingeweza, lakini naapa niliisikia. "Anayefuata, Rosalia binti Mikaeli."

Nikasimama. Nikasema, "Mimi hapa." Sauti yangu ilitoka safi kabisa.

Mwalimu Selemani alipopata habari, Bibi Elimu alikuwa ameshaingia kwenye gari lake kuelekea Lindi. Alilikimbilia, mtu mzima na kaptula yake, mpaka vumbi likammeza. Akarudi, akashika kichwa. "Ni kosa langu," akawa anasema, "ni kosa langu, ningeandika barua." Kisha akanigeukia. "Wewe Rosalia ulikuwapo. Hukusema?" Nikainamisha kichwa nikaanza kulia. Nililia kwa kwikwi, kamasi zinatoka, naye akanishika bega akasema basi, basi, mtoto umejitahidi. Yale machozi yalikuwa ya kweli, lakini sikuyalia kwa ajili ya Zuhura, niliyalia ili nisiulizwe tena. Yeye Zuhura alikuwa amesimama kando ya lori. Hakulia, hakuniangalia. Mwalimu aliandika barua mbili. Jibu lilikuja moja, la heshima, kwamba nafasi zimejaa, na msichana akiwa bado ana nia ajaribu mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata alikuwa ameolewa Mandawa.

Kitanda nilichopewa ni kile cha dirishani. Mtu atadhani nililala humo kwa majuto. Uongo! Nililala vizuri, nilikula mkate wangu, nilijifunza. Wivu wenyewe ndio uliokataa kufa. Kila nilipopata alama nzuri niliwaza, Chiku angepata zaidi. Nilikuwa nimemwondoa chumbani akabaki amekaa juu ya benchi la mbele. Likizo ya kwanza nilimkuta kwa mumewe, tumbo mbele, anacheka na wifi zake, anapembua ufuta kwa mikono miepesi, na nikamwonea wivu kwa wifi zake. Baadaye nikasikia binti yake wa kwanza anasoma, halafu wa pili, halafu wa tatu. Nikawa sipiti Mandawa. Nilikataa hata kuhamishiwa shule za upande ule, nikatoa sababu za kifua.

Basi, Jumamosi iliyopita nilikwenda. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njiani, kwa mpangilio, kama somo. Uani palijaa watu, mabinti zake watano wote walikuwa wamekuja kumuuguza, watu wazima wenye miwani na simu, mmoja muuguzi, wawili walimu, na hao wengine sikushika vizuri. Yule mkubwa aliponiona aliacha mwiko, akapiga magoti pale pale vumbini, akanishika mikono yote miwili. "Ndiye wewe! Shikamoo Mwalimu. Jamani, njooni mumwone, huyu ndiye Rosalia!" Wakanizunguka. "Mama ametulea kwa habari yako. Ulivyosimama mbele ya Mzungu ukasema huyu hapa, anaitwa Zuhura. Ukatolewa nje, ukarudi. Ukatolewa tena, ukarudi tena!" Nikasema, "Mama yenu yuko wapi?"

Alikuwa chumbani, kitandani, miguu imewekwa juu ya mto. Amekuwa mdogo, lakini macho ni yale yale ya mkekani. Nikafunga mlango. Yale maneno yangu yaliyopangwa yalikuwa yameishia njiani.

"Zuhura, mimi sikusema kitu."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimekaa pale."

"Sasa kwa nini umewaambia watu..."

"Wa kwanza nilimwambia mama. Unamjua mama yangu. Angekuja kwenu siku ile ile na mchi wake, na nisingekuona tena. Shule nimeikosa, na wewe nikukose?" Akavuta pumzi. "Nilikukosa vilevile, maana uliacha kuja. Halafu nikapata hawa wasichana. Kila mmoja ana siku yake ya kuogopa. Anaogopa kumwambia mwalimu kwamba jina lake limerukwa, anaogopa kwenda ofisini kuuliza. Nikawa nawaambia, Rosalia alikuwa mtoto kama wewe, alisimama mbele ya Mzungu kwa ajili ya mtu mwingine, wewe unashindwa kusimama kwa ajili yako? Basi wanakwenda. Mmoja mmoja walikwenda, na wote wamesoma."

"Niache niwaambie ukweli," nikasema. "Niwaambie leo, wako hapa wote."

"Ili iwe nini? Wajukuu nao nimeshawasimulia." Akanitazama, akatabasamu kidogo, akanipigapiga mkono. "Utakufa nao tu huo ukweli, Rosa. Mimi ule mwingine ninauhitaji."

Nje mabinti walikuwa wanapakua chakula, na nikasikia yule mkubwa akimsimulia mtoto wa jirani kwa sauti ya juu, akiweka na vitendo: akasimama hivi, mkono akauweka hivi, akasema huyu hapa! Mtoto akauliza, hakuogopa? Hakuogopa hata kidogo, akajibiwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu, na aibu ilikuwapo, ilinishika mpaka masikioni. Lakini kilichotangulia, Mungu anisamehe kwa umri huu nilionao, kilikuwa wivu. Nilimwonea wivu yule msichana wa Ruangwa waliyekuwa wakimsimulia pale uani, yule Rosalia aliyesimama.